Mbona Bibi Amevunjika kwa Kuteleza Tu? Tujue Kutunza Mifupa



Katika msimu wa mvua uliopita, bibi mmoja wa hapa Nakivale aliteleza mlangoni pake alfajiri akienda chooni. Hakuanguka kutoka juu ya mti wala hakugongwa na bodaboda. Aliteleza tu, akaangukia ubavu, kama mtoto anavyoteleza mara tatu kwa siku na kuinuka akicheka. Yeye hakuinuka. Mguu wa kulia ulionekana mfupi kuliko wa kushoto, na wayo ulikuwa umegeukia nje. Majirani walikuja na maneno mengi. Wengine walisema ni uzee. Wengine walisema kuna mtu. Kwa muda wa siku nne alilala ndani akikandwa kwa maji ya moto, na mzee mmoja anayejua kuunga mifupa aliuvuta ule mguu mara mbili, huku mgonjwa akilia. Siku ya tano ndipo sisi wahudumu wa jamii tulipoitwa. Alipofikishwa hospitali ya Mbarara, picha ilionyesha kwamba mfupa wa nyonga umevunjika.

Bibi yu hai, lakini hatembei peke yake. Mjukuu wake wa kike, mwenye miaka 13, aliacha shule kwa muhula mzima ili amsaidie kwenda chooni na kumletea maji. Kwa hiyo mfupa mmoja ulipovunjika, watu wawili walianguka.

Tangu siku hiyo watu wananiuliza: inakuwaje mtu avunjike kwa kuteleza tu? Jibu ni kwamba mfupa ule ulianza kudhoofika miaka mingi kabla ya mvua ile, na hakuna aliyeona.

Mfupa ni nini hasa?

Wengi wetu tunaujua mfupa wa kwenye sufuria, au wa ng'ombe aliyekufa zamani porini: mweupe, mkavu, mgumu kama jiwe. Mfupa ulio ndani ya mtu hauko hivyo. Una damu, nao hubomolewa na kujengwa upya kidogo kidogo kila siku, toka kuzaliwa hadi kufa.

Fikiri nyumba ya miti na udongo kama hizi tulizojenga wenyewe. Ndani kuna fito zilizofungwa kwa kamba, na juu yake kuna udongo. Fito peke yake hupinda. Udongo peke yake huvunjika. Mfupa nao una nyuzi za protini mahali pa fito, na mahali pa udongo una madini ya chokaa, ambayo jina lake jingine ni kalsiamu. (Si chokaa ya kupaka ukuta, tafadhali. Hiyo ukiila itakuunguza koo na tumbo.) Mvua ikinyesha, udongo hutoka. Mwenye nyumba anayekandika tena kila mwaka, ukuta wake unabaki imara. Asiyekandika ataona fito zinatokea, na siku moja upepo wa kawaida kabisa utaangusha ukuta. Watu watalaumu upepo.

Sasa, kwa nini udongo hutoka mfupani? Karibu kalsiamu yote ya mwili, asilimia 99, imo katika mifupa na meno. Ile kidogo iliyobaki iko katika damu na sehemu nyingine, na bila hiyo moyo hauwezi kupiga wala misuli kukaza. Mwili haukubali hata kidogo kalsiamu ya damu ipungue. Chakula kisipoileta, mwili unaenda kuibandua ukutani, yaani mfupani. Leo kidogo, kesho kidogo. Mwenyewe hasikii maumivu yoyote.

Madaktari huita hali ya mifupa iliyopungua namna hii osteoporosi, maana yake mfupa wenye matundu mengi. Mifupa inayovunjika zaidi kwa ugonjwa huu ni ya kifundo cha mkono, ya uti wa mgongo na ya nyonga.

Umri wa kujenga na umri wa kupoteza

Hapa ndipo pa kusoma kwa makini zaidi, hata wewe kijana unayedhani makala hii ni ya wazee.

Mtu hujenga mifupa yake kwa nguvu kubwa anapokua, na hasa miaka ile ya kuvunja ungo na kubalehe. Akifika karibu miaka 30, ukuta umefikia unene wake wa mwisho. Baada ya hapo ni kuulinda tu. Mwanamke anapokoma hedhi, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, homoni iliyokuwa ikilinda mifupa yake hupungua, na katika miaka michache ya kwanza mifupa hupotea upesi sana. Wanaume nao hupoteza, lakini polepole zaidi, na wao walianza na mifupa minene. Ndiyo sababu tunaona zaidi kina bibi wakipinda mgongo na kuvunjika.

Basi yule mjukuu wa miaka 13 yuko katika umri uleule wa kujenga. Vipimo vya kimataifa vinasema mtoto wa rika lake anahitaji kalsiamu kama miligramu 1300 kwa siku, kuliko mama yake, ambaye anahitaji kama 1000. Nami nitasema jambo ambalo baadhi ya wazee hawatalipenda. Katika nyumba nyingi ninazotembelea, samaki na maziwa huenda kwanza kwa baba, halafu kwa wavulana. Msichana anayepika na kuchota maji anakula mwisho, posho na mchuzi uliobaki. Tunampa mwenye kujenga nyumba udongo kidogo kuliko wote, kisha akifika miaka 65 tunashangaa.

Kina mama wengine wameniambia wanaogopa kunyonyesha kwa kuwa mtoto "anakula mifupa ya mama". Ni kweli kwamba mama anayenyonyesha hupoteza kiasi kidogo cha mifupa, lakini akiachisha mtoto mwili wake hurudisha ulichotoa. Usiache kunyonyesha kwa hofu hiyo. Anayestahili kubadilika ni yule anayegawa chakula, amwongezee mama sahani.

Chakula tunachoweza kukipata hapa

Vitabu vya afya huanza na maziwa, na kweli lita moja ya maziwa inamtosha mtu mzima kwa siku nzima. Ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu wanapita mbele yetu, lakini tangu mgao ulipoanza kupunguzwa mwaka 2020, ni nani kati yetu anayenunua lita moja kwa siku? Anayeweza kupata kikombe kimoja, ampe mtoto anayekua au mama mja mzito. Maziwa ya mgando ni mazuri vilevile. Ila maziwa yachemshwe kwanza, kwa sababu maziwa mabichi huleta ugonjwa wa homa ya ng'ombe unaoumiza viungo kwa miezi.

Chakula chetu hasa ni mukene. Ndugu wa Bukavu na Goma wakiwaona hukumbuka sambaza, na Warundi hukumbuka ndagala. Samaki hawa wadogo huliwa wazima, pamoja na kichwa na mifupa, na kalsiamu imo katika hiyo mifupa. Ukilinganisha uzito kwa uzito, mukene wakavu wanashinda maziwa zaidi ya mara kumi. Konzi moja katika mchuzi ni kama kikombe cha maziwa au zaidi. Msikate vichwa mkatupa! Shida yao ni mchanga, kwa sababu wengi hukaushwa chini ufukweni. Waoshe katika maji ya vuguvugu mara mbili tatu, waache mchanga utuame, uwachote kwa juu. Kwa bibi asiye na meno na kwa mtoto mdogo, wakaange bila mafuta mpaka wakauke kabisa, uwatwange, uchekeche, na kijiko kimoja cha unga huo ukitie katika uji au maharage. Watoto wasiopenda harufu hawataitambua ikiwa utaweka nyanya na kitunguu.

Mboga za majani nazo zinasaidia, lakini hazilingani. Sukuma wiki na kabichi hutoa kalsiamu yake kwa urahisi. Dodo, ile tuliyoizoea kwa jina la lengalenga, inayo nyingi, lakini ndani yake mna asidi inayoishika kalsiamu hiyo ili isiingie mwilini. Usiiache, maana ina faida nyingine. Changanya tu mboga, usile dodo siku zote saba. Sombe ni nzuri ikiwa imetwangwa na kuchemshwa vya kutosha. Simsim iliyosagwa pamoja na maganda yake ni hazina, hata kijiko kimoja. Maharage yaloweke usiku kucha na maji hayo uyamwage. Yataiva upesi kwa kuni chache, na mwili utapata madini yake zaidi. Na maharage ndiyo hujenga zile fito nilizozitaja.

Je, asiyepata maziwa amekwisha? Hapana. Katika kijiji cha Keneba nchini Gambia, watafiti waliwapima kwa miaka mingi wanawake wanaopata kalsiamu kati ya miligramu 300 na 400 tu kwa siku. Hata hivyo, kuvunjika mifupa uzeeni kulikuwa nadra kwao kuliko kwa wanawake wa Ulaya wanaokunywa maziwa kila siku. Wanawake wa Keneba hulima, hutembea, hubeba, na jua wanalo. Kwa hiyo chakula si jambo pekee. Lakini asichukue mtu habari hii ikawa kisingizio cha kuwanyima wasichana mukene. Hapa kwetu kuna bibi waliokimbia vita mara mbili, wakalala njaa njiani, na ambao sasa hawana shamba la kulima, hivyo hukaa ndani kutwa. Hao wamekosa chakula, kazi na jua pia.

Jua na kazi

Jua likiipiga ngozi, mwili hutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo kalsiamu tunayokula haiingii vizuri mwilini. Jua tunalo bure. Uso, mikono na miguu ipate jua kwa muda mfupi siku nyingi za wiki. Ngozi nyeusi inahitaji muda mrefu kidogo kuliko nyeupe, lakini si lazima mtu akae mpaka aungue au kichwa kiume. Kina mama wanaojifunika kwa sababu ya dini wanaweza kukaa ndani ya ua uliozungushiwa, wanawake kwa wanawake, mikono na miguu ikiwa wazi. Mzee asiyeweza kutembea atolewe nje na mkeka wake. Nimeona wazee ambao hutolewa siku ya kuhesabiwa tu. Watoto wadogo nao wasifungwe ndani, kwa maana mtoto anayekosa jua na kalsiamu mifupa yake huwa laini, miguu ikapinda matege, akachelewa kutembea.

Mfupa hupenda kazi. Ukiutumia unaongezeka, ukiuacha unapungua. Kulima, kupanda mlima, kucheza ngoma, na kwa wasichana kuruka kamba, vyote vinaujenga. Mzee atembee kila siku hata kama ni kwenda kwa jirani na kurudi. Pia afanye zoezi hili: akae juu ya kiti au gogo, asimame bila kushika kwa mikono, akae tena, mara kumi. Mapaja yenye nguvu humzuia asianguke.

Ila kuna kazi na mateso. Jerikani ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Kichwani mwa kijana mwenye afya si neno. Kwa mama wa miaka 60 ambaye pingili za mgongo wake zimekwisha kuwa nyembamba, kuinama na kuinyanyua kunaweza kupasua pingili moja palepale, naye akadhani ni msuli. Bibi achukue jerikani ya lita 5 na aende mara mbili, au vijana wamchotee. Wakati wa kunyanyua apige magoti, mgongo ubaki wima, mzigo ukiwa karibu na kifua.

Vitu vinavyokula mifupa

Tumbaku na waragi vinajulikana. Mvutaji na mlevi mifupa yao hupungua, na mlevi zaidi ya hayo huanguka.

Kuna jambo lisilojulikana sana, nami naomba lisomwe kwa sauti katika vikundi vya vijana. Madukani kunauzwa vidonge vya kunenepesha, na vingine vya "kuondoa maumivu yote ya viungo". Vingi ni deksamethasoni au prednisoloni. Hizi ni dawa za kweli ambazo daktari huziandika kwa magonjwa maalumu. Mtu akizimeza miezi mingi ili mashavu yajae, mifupa yake inalika hata akiwa na miaka 25, na pia huweza kupata shinikizo la damu na kisukari. Ule unene si nyama, ni mafuta na maji. Aliyekwisha kuzitumia kwa muda mrefu asiache ghafla, maana kuacha ghafla nako ni hatari. Aende kituo cha afya na pakiti yenyewe mkononi, aeleze ukweli, ili apunguziwe polepole.

Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, Depo, hupunguza mifupa kidogo wakati mama anaitumia, na kwa sehemu kubwa hurudi anapoacha. Si sababu ya kuikimbia na kupata mimba usiyoitaka. Ikiwa uko chini ya miaka 18 au umepita 45, au umeitumia kwa miaka mingi, mwulize muuguzi kama kuna njia nyingine inayokufaa.

Dalili

Nilisema ugonjwa huu hauna maumivu mpaka mfupa uvunjike. Lakini macho yanaweza kuona. Kitenge ambacho zamani kilikuwa juu ya kifundo cha mguu sasa kinaburuta chini: mama amefupika. Mgongo wa juu unapinda mbele. Maumivu makali ya mgongo yanakuja ghafla baada ya kunyanyua kitu. Mkono umevunjika kwa kuanguka kidogo tu. Yeyote mwenye mojawapo ya hayo, hasa akiwa amepita miaka 50, aje aonwe.

Tahadhari moja: si kila mgongo uliopinda ni osteoporosi. Kifua kikuu huweza kuingia katika uti wa mgongo. Mtu mwenye maumivu ya mgongo yasiyoisha pamoja na homa, jasho la usiku au kukonda, au ambaye nundu imetokea mgongoni, au ambaye miguu inakufa ganzi, huyo asingoje. Kifua kikuu kina dawa, lakini kikichelewa mtu anapooza.

Kuzuia kuanguka, na kumsaidia aliyeanguka

Mifupa iliyokwisha kudhoofika hairudi upesi, lakini mtu asipoanguka haivunjiki. Zunguka nyumba ya mzee wako leo. Mlangoni pana utelezi? Mwaga changarawe au weka mawe bapa yasiyotikisika. Njia ya chooni ina shimo au kisiki? Fukia, ng'oa. Usiku hana taa? Awe na tochi karibu na kitanda, au awe na ndoo ya usiku asitoke kabisa mvua ikinyesha. Kandambili zilizolika chini ni kama sabuni. Fimbo ikatwe kwa kipimo chake: akisimama wima, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono wake. Na akiamka akae kwanza kitandani kidogo kabla ya kusimama, maana kizunguzungu cha alfajiri huwaangusha wengi. Mwenye ukungu machoni apimwe, huenda ni mtoto wa jicho, nao hutolewa.

Mzee akianguka asiweze kusimama, na mguu ukawa mfupi na umegeukia nje, jua kwamba nyonga imevunjika hadi ionyeshwe vingine. Msimsimamishe "kujaribu". Msimvute mguu, msimkande. Nawaheshimu wazee wetu wanaounga mifupa, na wapo walionyoosha mikono ya watoto vizuri, lakini nyonga si kazi ya kuvuta kwa mikono. Funga mguu mbaya pamoja na mguu mzima kwa vitenge, katikati weka nguo au magome laini ya mgomba. Mlazeni juu ya mlango au machela. Wanaojua kusuka ingobyi wasuke, mmbebe mpaka kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mtuite tusaidie kuomba gari la rufaa. Mgonjwa anayelala siku nyingi bila kugeuzwa hupata vidonda vya mgongoni na homa ya mapafu, na hivyo huua wazee zaidi ya mfupa wenyewe. Wakati mnangoja, mgeuzeni polepole na mpeni maji ya kunywa.

Kuhusu yule bibi: mlangoni pake sasa pana changarawe, na vijana wa jirani wamefunga kamba toka mlangoni hadi chooni, juu ya miti mitano, ambayo huishika akitembezwa. Majirani wawili wanapokezana kukaa naye asubuhi, na mjukuu amerudi darasani tangu muhula huu uanze. Ikiwa nyumbani kwako kuna mzee anayeanguka-anguka, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako, wale tunaowaita VHT, au mimi mwenyewe nikipita. Tutakuja kuangalia mlango na njia kabla ya mvua.